Gato ya shokola juu ya mbabula: namna ya kuipika laini bila furu

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unaingia jikoni. Wengine watasema, "Gato ni mambo ya matajiri, sisi tutazungumza gato namna gani, na mchele wenyewe hautoshi?" Tunawaomba msome mpaka mwisho, kiisha mseme.

Mambo yalianza na swali la mtoto. Jirani yetu mmoja, mama aliyekimbia toka upande wa Beni, ana kijana wa miaka 11. Siku moja shuleni mwenzake alimkatia kipande kidogo cha shokola, kama ukucha wa kidole. Jioni kijana akamuuliza mama yake:

"Mama, banasema shokola inatokaga mu kakao. Njo ile kakao yetu ya kule nyumbani?"

"Ndiyo, njo ile ile."

"Sasa juu ya nini hatukukulaka hata siku moja?"

Mama akakosa jibu. Yeye na bwana yake walilima kakao miaka mingi. Alijua kupasua tunda, alijua kufyonza ule ute mweupe mtamu unaofunika mbegu, alijua kuanika mbegu juu ya turubai na kuzikimbiza ndani mvua ikija. Kiisha mnunuzi alikuja na mizani yake, akapima, akalipa, akaenda. Shokola yenyewe haikurudi hata siku moja pale shambani.

Basi mama akaamua kwamba siku mtoto atakapomaliza mwaka wa shule, atakula gato ya shokola iliyopikwa na mama yake. Akanunua kakao ya unga, sukari, mayai na farini. Akaweka kila kitu ndani ya sufuria, akafunika, akaweka juu ya mbabula yenye moto mkali. Baada ya dakika 40 chini palikuwa makala tupu, na katikati palikuwa uji. Bwana yake hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama ya batoto, tumechoma sabuni ya majuma mawili." Ni maneno ya polepole, lakini yalimwingia. Hakuongea mpaka kesho yake.

Kesho yake alikuja kwetu na kipande kilichoungua ndani ya karatasi. Tukakaa akina mama wanne, tukakitazama kama daktari anavyotazama mgonjwa. Makala hii ni matokeo ya kikao hicho na majaribio yaliyofuata, ili mtu mwingine hapa Nyamugari, iwe ya upande wa Gitega ao ya upande wa Muyinga, asichome sabuni ya familia yake.

KAKAO INATOKA WAPI?

Mti wa kakao kwao ni Amerika ya Kusini, katika misitu ya mto Amazon. Leo kakao nyingi ya dunia inatoka Afrika Magharibi: Côte d'Ivoire na Ghana peke yao zinatoa karibu nusu ya kakao yote ama zaidi. Lakini kwetu pia iko. Kule Kongo inalimwa Beni na Mambasa. Ukivuka mto Semliki unaikuta Bundibugyo nchini Uganda. Tanzania inajulikana sana ile ya Kyela, mkoa wa Mbeya.

Tunda likivunwa, mbegu na ute wake zinafunikwa kwa majani ya migomba siku tano mpaka saba. Zinapata moto zenyewe, zinachacha, na hapo ndipo harufu ya shokola inapoanza kuzaliwa. Mbegu isiyochacha vizuri haitoi shokola nzuri hata uikaange namna gani. Kiisha zinaanikwa, zinakaangwa, zinasagwa. Mafuta yake yakikamuliwa, kinachobaki kinasagwa kuwa unga: ndiyo ile kakao ya kopo tunayoona dukani. Mafuta yakiachwa na sukari ikaongezwa, inakuwa shokola ya kipande.

Tangu mwaka wa 2014 eneo la Beni limeona mauaji mengi, na wakulima wengi waliacha kakao ikioza juu ya miti kwa sababu ya kuogopa kwenda shambani. Wasomaji wetu wa upande ule hawahitaji kufundishwa habari hiyo. Lakini ni vizuri kujua pia kwamba pale Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, kilianzishwa kiwanda kidogo cha shokola kinachotumia umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga. Maana yake, mkulima wa kwetu anaweza kutengeneza shokola. Si dawa ya siri ya Wazungu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kopo la kakao lilipanda bei vile. Mwaka wa 2024 mvua mbaya na magonjwa ya miti yalipunguza mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana. Bei ya dunia ikapita dola 10,000 kwa tani, na Desemba mwaka ule ikapita 12,000, wakati miaka michache nyuma ilikuwa kati ya dola 2,000 na 3,000. Mwaka wa 2025 ilishuka, lakini mnajua wenyewe: bei ya duka inapanda kwa mbio na kushuka kwa magoti.

BRAUNI NI GATO YA NAMNA GANI?

Gato tuliyoichagua inaitwa brauni. Ni nyeusi, nzito, inalainika mdomoni kama ugali mzuri wa muhogo unaoteleza, na haivimbi. Jina linatokana na rangi yake ya udongo. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa Chicago, Marekani, tajiri mmoja aitwaye Bertha Palmer aliomba wapishi wa hoteli ya Palmer House watengeneze gato ndogo ambayo akina mama wangeweza kubeba ndani ya kisanduku cha chakula na kuila bila sahani. Mwaka wa 1906 mpishi Fannie Farmer alichapa kitabini namna ya kupika brauni ya shokola, na toka hapo ikaenea.

Kwa nini inatufaa sisi? Kwa sababu nne.

Ya kwanza, haihitaji levire. Gato ya kuvimba inaogopa moto usio sawa, inaanguka. Brauni haina pa kuanguka, maana haikupanda.

Ya pili, haihitaji maziwa, na kwa hiyo inakaa siku tatu mpaka nne ikifunikwa vizuri.

Ya tatu, inatumia farini kidogo sana.

Ya nne, inatakiwa itoke motoni ikiwa bado na unyevu ndani. Makala yanayotumika ni machache.

FURU YA SUFURIA

Hatuna furu ya umeme, lakini furu ni nini? Ni pahali palipofungwa ambapo moto unatoka chini na juu. Jirani yetu alikosa hapo: moto wake wote ulikuwa chini. Fanya hivi:

Tafuta sufuria kubwa, nzito, yenye kifuniko cha chuma kilicho bapa. Ndani yake tandaza mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, ama weka mawe matatu madogo yanayolingana. Mawe yawe makavu kabisa, yasitoke mtoni siku ile, maana jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka motoni.

Chombo cha kupikia gato kiwe kidogo kuliko sufuria, kisiguse ukuta wake. Sufuria ndogo ya upana wa sentimeta 20 inatosha. Wengine wanakata yale makopo makubwa ya mafuta ya msaada. Yanafaa kama ndani hayana rangi wala kutu, lakini kunja kingo kwa koleo ama nyundo, maana zinakata kama wembe. Usitumie kopo lililokuwa na rangi ya nyumba ama dawa ya wadudu hata ukiliosha mara kumi.

Washa makala nje. Yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, gawanya: sehemu moja ibaki chini ndani ya mbabula, sehemu mbili ziende juu ya kifuniko. Shika hesabu hiyo: moja chini, mbili juu. Acha sufuria ipate moto dakika 10 kabla ya kuingiza gato.

Utajuaje joto linatosha? Weka kijiko cha farini juu ya kipande cha kifuniko cha kopo, kiingize ndani, funika. Baada ya dakika 5 kitazame. Ikiwa farini bado nyeupe, ongeza makala juu. Ikiwa imekuwa rangi ya mkate ulioiva, ni vizuri. Ikiwa imekuwa kahawia sana, punguza ya chini kwanza.

VIPIMO: MOJA, MOJA, MOJA, MBILI, MBILI

Wengi wetu hatuna mizani. Chukua kikombe cha robo lita. Kama hujui kikombe chako ni cha kiasi gani, jaza maji chupa ya nusu lita mpaka katikati, mimina ndani ya kikombe, weka alama yalipofika. Nusu ya kipimo hicho ndiyo tutaita "kipimo". Sasa shika wimbo huu:

Mafuta, kipimo 1.
Kakao ya unga isiyo na sukari, kipimo 1.
Farini, kipimo 1.
Sukari, vipimo 2.
Mayai 2. Kama ni ya kuku wa kienyeji na ni madogo, weka 3.

Ongeza chumvi kidogo ya kushika na vidole viwili, na vijiko 2 vya kahawa ya moto isiyo na sukari. Kahawa? Ndiyo. Tuko katika nchi ya kahawa, na mwenyeji akikaribisha, usikatae. Kahawa kidogo haitoi ladha yake yenyewe, inaamsha ladha ya kakao. Ukikosa, tumia maji ya moto.

Angalia kopo kabla ya kununua. Kuna kakao safi na kuna unga wa kinywaji wenye sukari na maziwa ndani. Vinafanana kwa rangi. Kakao safi ukiilamba ni chungu. Kama unga ulionao ni mtamu, punguza sukari iwe kipimo 1, na ujue gato haitakuwa nyeusi sana.

KUPIKA, HATUA KWA HATUA

1. Paka mafuta chombo chako, kiisha nyunyiza kakao kidogo ndani ili gato isishike.

2. Pasha mafuta moto kidogo, yasichemke. Yaondoe motoni, mimina sukari, koroga dakika mbili. Sukari haiyeyuki ndani ya mafuta, itayeyuka ukiongeza kahawa ya moto na mayai, na ikiyeyuka vizuri, juu ya gato patatokea ngozi nyembamba inayong'aa na kupasuka. Hiyo ndiyo alama ya brauni nzuri.

3. Weka kakao, chumvi na kahawa ya moto. Koroga mpaka mabonge yaishe. Kakao inapenda mafuta ya moto. Hapo utasikia harufu inajaza nyumba, na watoto watakuja wenyewe bila kuitwa.

4. Ngoja. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Chovya kidole: kama huwezi kukiacha ndani, bado ni moto sana, na mayai yatakuwa mayai ya kukaanga. Kikiwa cha uvuguvugu, vunja yai moja, koroga kwa nguvu mpaka lipotee. Kiisha la pili. Hapa tumia nguvu zako zote, mchanganyiko uwe mzito na kung'aa.

5. Chekecha farini juu yake. Sasa acha nguvu. Geuza polepole kwa mwiko, mara 20 mpaka 30, mpaka usione tena weupe. Ukikoroga sana farini inakaza kama unga wa chapati, na gato inakuwa ngumu.

6. Mimina ndani ya chombo, sawazisha. Unene uwe kama vidole viwili vilivyolazwa, si zaidi.

7. Ingiza ndani ya sufuria kubwa juu ya mchanga ama mawe. Funika, weka makala juu. Usifunue kabla ya dakika 20. Kila ukifunua, joto linatoka na makala yanakwisha bure.

8. Dakika ya 20, pangusa majivu juu ya kifuniko yasianguke ndani, kiisha funua. Choma kijiti kikavu katikati. Kikitoka na uji, rudisha dakika 5. Kikitoka na makombo yenye unyevu yanayoshikamana, toa mara moja. Kikitoka kikavu kabisa, umechelewa: italika, lakini ni gato ya kawaida, si brauni.

9. Acha ipoe ndani ya chombo chake, saa moja ama zaidi. Ikiwa ya moto ni laini sana, inavunjika. Inapopoa ndipo inajishika. Tunajua ni vigumu kuwaambia watoto wangoje saa moja. Wape kazi ya kuosha vyombo.

10. Kata kwa kisu kilichochovywa maji ya moto. Chombo cha sentimeta 20 kinatoa vipande 16, nne kwa nne kama ni cha mraba.

JICHO LINADANGANYA

Mandazi yakiungua unaona. Gato hii ni nyeusi toka mwanzo, kwa hiyo rangi haikuambii kitu. Tumia pua. Harufu tamu ya shokola ikiwa kali, iko karibu. Ikigeuka kuwa harufu ya kahawa iliyoungua, ondoa makala ya chini haraka, acha ya juu peke yake.

Ikiwa chini imeungua na juu ni mbichi, moto wako ulikuwa chini. Ikiwa juu imekauka na chini ni uji, ni kinyume chake. Ikiwa mafuta yanaelea juu, ulikoroga mayai kidogo mno. Ikiwa inatafunika kama mpira, ulikoroga farini kupita kiasi. Jirani yetu alikuwa na kosa la kwanza na la nne pamoja, na alikuwa ameweka farini vipimo vitatu, akifikiri gato bila unga mwingi si gato.

KAMA HUNA HIKI, TUMIA KILE

Farini imepanda? Tumia unga wa muhogo uliochekechwa vizuri sana. Kwa sababu brauni haivimbi, haihitaji ule mvuto wa ngano. Unga wa muhogo unanyonya maji zaidi, kwa hiyo ondoa kijiko kimoja cha mezani katika kipimo. Unga wa mahindi hatuushauri, unabaki na mchanga mdomoni.

Mafuta hayatoshi? Avoka iliyoiva vizuri, ikipondwa mpaka iwe laini kabisa, inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya mafuta. Hakuna atakayejua.

Na sasa jambo ambalo wengi walicheka walipolisikia: maharage. Chukua vipimo 3 vya maharage yaliyoiva sana, yaliyopikwa bila chumvi wala kitunguu, chuja maji, yatwange ndani ya kinu mpaka yawe laini kama siagi. Weka mafuta nusu kipimo tu, kakao 1, sukari 2, mayai 3, na hakuna farini hata kidogo. Inaiva kwa dakika 30 ama 35. Mzee mmoja aliyekula vipande viwili aliapa kwamba hakuna maharage ndani. Tulipomwonyesha kinu alisema, "Basi mulinidanganya vizuri. Munipe cha tatu."

Lakini kuna kitu kimoja tunaomba kwa nguvu. Unga wa uji na ile pakiti ya karanga ambavyo mtoto mwenye utapiamlo ama mama mjamzito anapewa kwenye lishe ni dawa yake. Visiingie ndani ya gato, hata kidogo, hata kama ni sikukuu. Gato ni furaha ya siku moja. Kile chakula ni uhai wa mtoto.

TAHADHARI

Makala yana moshi usioonekana wala kunuka, na unaua. Usipikie ndani ya nyumba iliyofungwa, usiingize mbabula chumba cha kulala ili kupasha joto usiku baada ya kupika. Nchi hii ni ya milima, mji wa Gitega wenyewe uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku ni baridi, tunaelewa. Lakini blanketi ni bora kuliko mbabula.

Kifuniko chenye makala juu ni hatari kwa watoto wadogo. Chora mstari kwa kijiti chini ya ardhi kuzunguka mbabula, mtoto asiuvuke. Uwe na ndoo ya maji karibu.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe gato hii. Mwenye ugonjwa wa sukari ajue kwamba ni sukari nyingi, aonje tu ama aache. Na watoto wasugue meno usiku, tusibadili furaha kuwa maumivu.

JE, INAWEZA KULETA PESA?

Akina mama kadhaa wameuliza. Inaweza, lakini kwa hesabu. Chukua daftari, andika bei ya kila kitu kwa soko la siku ile: mafuta, sukari, kakao, farini, mayai, makala, karatasi ya kufungia. Jumlisha, gawanya kwa 16. Tuseme, kwa kujifunza tu, jumla ni franga 16,000. Kila kipande kimekugharimu franga 1,000. Ukiuza 1,000 umefanya kazi bure. Ukiuza 900 kwa sababu ya huruma, umelipa watu wale gato yako. Na kumbuka vipande viwili vitaliwa na watoto wako, sema ukweli. Kwa hiyo gawanya kwa 14.

Usianze na brauni kila siku. Anza siku ya soko, siku ya ibada, ama wakati wa ndoa na sherehe za shule, pale watu wanapokuja na franga mfukoni. Kata vipande vidogo, watu wanapenda kuonja kabla ya kununua kikubwa. Usikopeshe, maana gato iliyoliwa hairudi. Kama uko katika likelemba ama kikundi cha akiba, nunueni kopo kubwa la kakao pamoja na kugawana, ni nafuu kuliko kila mtu kununua kidogo kidogo.

TURUDI KWA YULE MTOTO

Mama alijaribu mara ya pili na nusu ya vipimo, ili hasara ikija iwe nusu. Ikatoka nzuri, ila imekauka kidogo. Mara ya tatu alipika kamili, siku ya kufunga shule. Baba ndiye aliyesimamia makala ya juu, na alikuwa mkali kuliko sisi wote. Mtu akitaka kufunua kifuniko anasema, "Bado! Dakika 20 haijafika."

Kijana akapewa kipande cha kona, chenye ngozi inayong'aa pande mbili. Alikitafuna polepole. Tulikuwa tunamtazama kama vile yeye ndiye anayetoa mtihani.

"Iko chungu kidogo," alisema. "Kiisha inakuwa tamu."

"Njo kakao," mama akajibu.

Vipande sita waliwagawia majirani. Saba viliuzwa jioni ile ile, na asubuhi baba alirudi toka dukani na kipande cha sabuni ndefu, akakiweka juu ya meza bila kusema neno.

Wapenzi wasomaji, mkijaribu, tuleteeni habari: iliyotoka vizuri na iliyoungua. Hasa iliyoungua, maana ndiyo inayofundisha. Mwenye kujua mapishi ya kwao, iwe Uvira, Fizi, Minembwe ama Bukavu, aje atusimulie, tutayaandika. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Mbaki salama.